Maikrofoni za kondensa: maswali yanayorudi kila mara kwenye karakana yetu Goma

Maiki zinazofika mezani petu hutoka studio ndogo za mitaa ya Himbi na Katindo, redio za mjini, kwaya, na vijana wanaorekodi chumbani huku magodoro yameegemea ukuta. Wenye maiki hizo huuliza yale yale, basi tumeyaweka pamoja. Ukitaka jibu la haraka, tafuta swali linalofanana na lako. Kama una muda, anza juu ushuke, maana majibu ya chini yanategemea ya juu.

Neno moja kabla ya yote: maiki nyingi tunazoletewa kwamba zimekufa hazijafa. Zimelowa, au waya umekatika, au umeme hauzifikii. Usikimbilie bisibisi.

## Mambo ya msingi

Maiki ya kondensa inatofautianaje na ile ya kawaida ya jukwaani?

Ile ya jukwaani, kwa mfano Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, ina koili ndogo ya waya inayocheza kwenye sumaku. Ni ngumu, haihitaji umeme, na hata ikianguka mara nyingi huendelea kufanya kazi.

Ya kondensa ni kitu kingine. Ndani ya kapsuli, yaani kile kichwa kinachopokea sauti, kuna kiwambo cha plastiki chembamba sana, mara nyingi cha maikroni 6 hivi au pungufu (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kilichopakwa dhahabu nyepesi. Kiwambo hicho kimevutwa mbele ya bamba la chuma, na nafasi kati yao ni makumi machache tu ya maikroni. Bamba na kiwambo huwekewa chaji. Sauti inapokitikisa kiwambo, nafasi hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalokuwa sauti ya umeme. E. C. Wente aliibuni Marekani mwaka 1916, na kanuni haijabadilika mpaka leo.

Shida ni kwamba umeme unaotoka kwenye kapsuli ni dhaifu mno. Hupita kwenye saketi yenye rezista ya gigaomu 1 au zaidi, yaani omu bilioni. Kwenye saketi ya namna hiyo, alama ya kidole au pumzi ya mwimbaji inatosha kuuvujisha. Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya hapa chini utayajibu mwenyewe.

Kwa nini haitoi sauti mpaka nibonyeze 48V kwenye mikseri?

Kwa sababu transista iliyo ndani inahitaji umeme, na katika maiki nyingi kapsuli nayo inahitaji chaji. Mikseri hupeleka volti 48 kwenye waya ule ule unaoleta sauti, sawasawa kwenye pini ya 2 na ya 3 za plagi ya maiki, na umeme hurudi kupitia pini ya 1. Ndio unaoitwa umeme wa fantomu. Neumann, kampuni ya maiki ya Ujerumani, walianza kuutumia mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norwei, na leo ndio kanuni ya dunia nzima.

Tahadhari: mikseri ndogo za bei ya chini na baadhi ya kadi za sauti za kompyuta huandika 48 lakini hutoa pungufu sana. Namna ya kupima iko kwenye swali la multimeta, yaani kifaa cha kupimia umeme.

Maiki nzuri huishi miaka mingapi?

Zaidi ya mwenye nayo, akiitunza. Neumann U 87 ilitoka mwaka 1967, na zipo za miaka ile ya kwanza ambazo bado zinarekodi. Kinachochakaa kwanza ni sponji, swichi, plagi na kapasita za elektroliti. Vyote hivyo hubadilishwa. Kapsuli ndiyo isiyobadilishwa kirahisi, kwa hiyo utunzaji wote ni kuilinda kapsuli.

Kuna kapsuli za zamani zinazozeeka hata zikikaa kabatini. Ile ya M7, iliyotumika kwenye U 47 ya mwaka 1949, ina kiwambo cha PVC, na PVC hukauka ikawa ngumu baada ya miongo kadhaa. Za baadaye ni za poliesta, nazo hustahimili zaidi.

Je, niilete kufanyiwa huduma kila mwaka?

Hapana. Maiki isiyo na shida haifunguliwi.

## Unyevu, mate na vumbi

Fundi, maiki yangu inapasukapasuka asubuhi, mchana inapona yenyewe. Ina nini?

Imelowa. Hili ndilo swali linaloongoza, na mjini kwetu halishangazi: tuko kando ya ziwa, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi na mvua hainyeshi kwa miezi miwili tu. Maiki iliyolala kwenye chumba baridi, kisha saa moja asubuhi waimbaji wakaikaribia na pumzi ya moto, hufanya umande juu ya kiwambo. Umande huo pamoja na vumbi na mate ya zamani hufungua njia ndogo ya kuvujisha chaji. Unasikia mapasuko kama bisi kwenye sufuria, halafu muungurumo wa chini, halafu sauti inazama na kurudi. Chumba kikipata joto, inapona.

Usidanganyike kwamba imepona. Kila umande ukikauka huacha chumvi kidogo, na chumvi huvuta unyevu wa kesho. Ikausheni mapema, na badilisheni desturi: maiki iingie chumba cha kurekodia saa nzima kabla ya kazi, ikiwa ndani ya boksi lake, ili joto lipande polepole. Kisha iwasheni nusu saa kabla ya kuimba.

Niikausheje bila kuiharibu?

Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko unaokaza. Weka chembe za silika, gramu 100 hadi 200, kwenye kitambaa chepesi. Weka maiki juu yake, funika, acha siku moja hadi mbili. Basi.

Usitumie mashine ya kukaushia nywele. Usiiweke juani wala karibu na mbabula: joto la ghafla hulegeza kiwambo na gundi. Mchele nao tuuache jikoni, unavuta unyevu kidogo sana na kuacha unga, na unga ukiingia kwenye kapsuli umeongeza tatizo la pili.

Silika nitaitoa wapi, na ikishiba nifanyeje?

Vile vifuko vya kwenye maboksi ya viatu na simu ni silika, ila vikifika mikononi mwako mara nyingi vimeshashiba unyevu wa njiani. Afadhali kununua chembe zinazobadilika rangi: za machungwa hugeuka kijani, za buluu hugeuka waridi zinaposhiba.

Zikishiba zikaushwe kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa mbili. Asiye na oveni atumie sufuria nzito juu ya makaa machache, akikoroga mpaka rangi irudi. Moto mkali huunguza rangi, nawe hutajua tena kama zimekauka. Zile za buluu zina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu: sufuria hiyo isipikiwe chakula tena, na watoto wakae mbali.

Maiki ihifadhiwe wapi usiku?

Ndani ya boksi lake pamoja na silika, si juu ya stendi. Kama lazima ibaki kwenye stendi, ifunike kwa mfuko safi wa plastiki, baada ya kuhakikisha kwamba haina unyevu wa pumzi. Ukiifunika ingali imelowa umeufungia unyevu ndani.

Naweza kuosha wavu wa nje?

Kama wavu unafunguka na kutoka peke yake, ndiyo. Utenge kabisa na kapsuli, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usugue kwa mswaki laini, suuza, kisha uache ukauke siku nzima kabla ya kuurudisha. Kama hautoki, geuza maiki kichwa chini na upanguse wavu kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Kichwa kiwe chini ili tone lisikimbilie ndani.

Wengi huuliza kuhusu dawa za kupuliza za kuua vijidudu, hasa kwa kwaya inayotumia maiki moja. Usizipulize kamwe kwenye maiki ya kondensa. Kila mwimbaji awe na kichungi chake cha pumzi cha kitambaa, kinafuliwa na kuanikwa. Kichungi kikae sentimita 10 hadi 15 mbele ya maiki. Kinazuia vishindo vya "p" na "b", na pia mate. Kwetu sisi, kazi hii ya pili ndiyo yenye thamani kuliko ya kwanza.

Nimemulika tochi nikaona madoa juu ya dhahabu. Nipanguse?

Usiguse.

Tueleze kile unachokiona. Ukimulika kwa pembeni, kiwambo kizima huakisi taa kama kioo cha dhahabu, bila mkunjo. Mate yaliyokauka huonekana kama vidoa vya kijivu vyenye ukingo mweusi zaidi, na hujikusanya upande wa mbele, sehemu ya kati hasa. Vumbi hukaa kama nyuzi. Unaweza kuona pia skrubu ndogo katikati, ambapo waya umefungwa: hiyo ni sehemu ya kapsuli, si uchafu.

Kama maiki inatoa sauti nzuri, madoa hayo yaache. Tumesikia kapsuli zenye sura mbaya zikiimba vizuri kabisa, na tumepokea zilizong'arishwa kwa pamba ambazo dhahabu yote ilibaki kwenye pamba. Dhahabu ile ni tabaka jembamba mno, na kiwambo hakina nyuma ya kukiegemea. Ukikisukuma, unakibandika kwenye bamba.

Kuisafisha inawezekana, lakini ni kazi ya mtu aliyeifanya mara nyingi, kwa brashi laini ya mchoraji, maji yaliyokenekwa na mkono usiotetemeka. Na hapa kuna hatari ya mjini kwetu: chupa zinazoitwa "maji ya betri" kwenye magereji ni za aina mbili. Moja ni maji yaliyokenekwa, nyingine ni asidi. Chupa zinafanana.

Watu wetu hupuliza au kupigapiga maiki kuijaribu. Ina madhara?

Ndiyo, hasa kupuliza. Pumzi ya karibu inapeleka unyevu moja kwa moja na kukisukuma kiwambo hadi kigonge bamba. Wafundishe kusema tu. Papa mchungaji na mama kiongozi wa kwaya wakisema "moja, mbili" wengine wataiga.

Vumbi jeusi la barabarani na majivu ya volkano yanadhuru kiasi gani?

Kuliko vumbi la kawaida. Mji wetu umejengwa juu ya lava. Nyiragongo ilimwaga mwaka 1977, tena Januari 2002 ikapita katikati ya mji, tena Mei 2021. Magari yanayasaga mawe hayo kila siku, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia kila chumba. Chembe zake zina makali ya kioo, kwa hiyo hukwaruza. Majivu mapya ya volkano yana pia chumvi za asidi juu yake, na yakilowa hupitisha umeme. Kwa saketi ya gigaomu, hiyo ni habari mbaya.

Majivu yakidondoka, funga maiki kwenye mfuko na boksi, na usirekodi mpaka yatulie. Zilizopata vumbi usizipanguse kwa kitambaa kibichi, maana unatengeneza tope lenye chumvi. Zigeuze kichwa chini, uondoe vumbi la nje kwa brashi kavu na puto la mpira la kupulizia lensi. Kompresa ya gereji hapana: nguvu yake huchana kiwambo, na hewa yake ina mafuta.

## Waya, umeme na radi

Maiki imenyamaza kabisa. Nianzie wapi?

Anzia mbali na maiki, uje karibu. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: kwanza waya, halafu chaneli ya mikseri, halafu weka maiki nyingine ya kondensa mahali pale pale. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua kilichokuwa kibovu.

Waya ndio wenye makosa mengi, na hukatika pale unapoingia kwenye plagi. Ukaze na uukunje taratibu karibu na plagi huku ukisikiliza kwa sauti ya chini. Waya uliokatika pini ya 2 au ya 3 una ujanja wake: maiki ya jukwaani itatoa sauti nyembamba na dhaifu, lakini ya kondensa inaweza kukwaruza, kuzima na kuwaka, ukadhani ni kapsuli.

Nitapimaje umeme wa fantomu kwa multimeta?

Washa 48V, weka multimeta kwenye volti za DC. Pima kati ya pini 1 na 2, kisha kati ya 1 na 3, kwenye ncha ya waya isiyo na maiki. Zote mbili zisome kati ya 44 na 52, na zilingane. Ukipima huku maiki imechomekwa, zitashuka, mfano hadi 38 au 40, na si kosa: umeme unapita kwenye rezista za kiloomu 6.8 zilizo ndani ya mikseri.

Jaribio la pili linaonyesha zaidi. Weka multimeta kwenye miliampea na uguse pini 1 na 2, kisha 1 na 3. Kila moja isome 7 hivi. Moja ikisoma 7 na nyingine 3, rezista moja ya mikseri imechoka, na maiki yako haina kosa. Wengi hupoteza pesa kutengeneza maiki nzima kwa sababu ya rezista hiyo.

Kuna utaratibu wa kuchomeka na kuchomoa?

Shusha sauti ya chaneli, zima 48V, subiri nusu dakika, ndipo uchomoe. Ukichomoa moto moto, kishindo kinakwenda kwenye spika na masikioni mwa aliyevaa hedifoni. Maiki za utepe za zamani, zenye utepe mwembamba wa chuma badala ya kiwambo, zinaweza kuungua kabisa zikikutana na fantomu kwenye waya uliounganishwa vibaya, kwa hiyo ukiwa nazo weka alama kwenye chaneli zao.

Umeme ukikatika na kurudi, au tukihamia jenereta, maiki inaathirika?

Maiki yenyewe mara chache, kwa kuwa inalishwa na mikseri. Mikseri ndiyo inayoumia. Weka stabilaiza au UPS kati ya ukuta na mikseri, na umeme ukikatika zima swichi ya mikseri, usingoje urudi wenyewe.

Radi ni jambo zito zaidi. Mashariki mwa Kongo, eneo hili letu la Kivu, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Stabilaiza haizuii radi. Mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, chomoa plagi ukutani, na chomoa pia nyaya ndefu za maiki zinazopita uani au juu ya mabati.

Mwimbaji anapigwa na umeme mdomoni akigusa maiki. Ni maiki mbovu?

Simamisha kazi hapo hapo. Maiki si chanzo, ila imekuwa njia. Mara nyingi kifaa kingine, kama amplifaya ya gitaa au kompyuta, kinavujisha umeme kwenye bodi yake, na nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Mwimbaji anayeshika gitaa huku midomo ikigusa wavu ndiye anayekamilisha mzunguko. Watu hufa hivyo.

Kwetu tatizo ni kubwa kwa sababu mawe ya lava hayapitishi umeme vizuri na fito ya shaba haiingii kirahisi. Fundi umeme inabidi atafute mahali penye udongo, aweke fito zaidi ya moja na kuziunganisha. Na mtu yeyote asikushauri kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo.

Nasikia redio ya FM au mlio wa simu ndani ya rekodi.

Weka simu zote mbali, hata zilizo kimya. Kama redio inaendelea, kagua plagi: waya wa ngao uwe umeshikana imara na pini 1 kwenye ncha zote mbili, na skrubu zinazoshika mwili wa maiki zikazwe. Mwili wa chuma ndio ngao. Skrubu moja iliyolegea inatosha kufungua mlango.

## Kufungua na kutengeneza

Naweza kuifungua mwenyewe?

Kubadilisha plagi, sponji au swichi, ndiyo, kama unajua kuchomelea. Zima, chomoa, subiri dakika chache, gusa chuma kilichoungana na ardhi ili utoe umeme tuli mwilini, kisha fungua juu ya kitambaa safi, mlango umefungwa. Piga picha kila hatua.

Sehemu usiyoigusa kwa kidole ni pale waya wa kapsuli unapokutana na rezista kubwa na transista. Mara nyingi kiungo hicho kimening'inizwa hewani au juu ya nguzo nyeupe ya tefloni, na si kwa bahati: bodi ya kawaida ingevujisha. Ukilazimika kuchomelea pale, safisha masalia yote ya dawa ya kuchomelea (flaksi) kwa isopropili safi isiyo na maji, ile ya asilimia 99. Spiriti ya famasi ya 70 ina maji mno kwa kazi hii.

Sponji iliyo ndani ya wavu imekuwa unga. Inafaa kubadilishwa?

Inafaa, na haraka. Sponji ya poliyurethani huoza baada ya miaka, ikawa chembe zinazonata ambazo hudondokea kapsuli. Toa wavu ukiwa umegeuza maiki ili unga udondoke nje, usafishe wavu peke yake, ukate sponji mpya yenye matundu wazi. Sponji ya godoro ni nzito, itameza sauti nyembamba.

Maiki ya miaka mingi imeanza kuwa na mvumo na besi hafifu. Nibadilishe kapasita?

Inawezekana. Kapasita za elektroliti hukauka, na baada ya miaka 15 au 20 zinastahili kupimwa. Badilisha zile tu, kwa thamani ile ile na volti zisizopungua. Usibadilishe kapasita ndogo zilizo karibu na kapsuli kwa sababu tu umesoma kuna nzuri zaidi. Aliyetengeneza maiki alizichagua pamoja na kapsuli.

Imeanguka. Nitajuaje kama imepona?

Itikise polepole karibu na sikio. Kitu kikigongagonga, usiiwashe: skrubu iliyolegea inaweza kuunganisha visivyopaswa kuungana. Kama kimya, iwashe na sema ukizunguka: mbele, pembeni, nyuma. Maiki ya upande mmoja ikipokea nyuma sawa na mbele, au ikiwa sauti yake imegeuka hafifu ghafla, kapsuli imepata dhara. Wavu uliobonyea tu hunyooshwa, ila utolewe kwanza.

Kwa safari za mjini, iwe kwenye boksi gumu mapajani au mgongoni mwako, isifungwe nyuma ya pikipiki. Mitikisiko ya barabara zetu hulegeza skrubu. Kwenye boti ya Bukavu ifungwe pia ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Na zile zenye valvu, yaani taa za kioo badala ya transista?

Hizo zina kisanduku chao cha umeme chenye volti 100 hadi zaidi ya 200, na kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Asiyezoea asifungue. Hakikisha kitufe cha volti nyuma ya kisanduku kiko 220 au 230 kabla ya kuchomeka, hasa ikiwa maiki imetoka Marekani. Washa robo saa kabla ya kurekodi.

## Hali zisizo za kawaida

Kapsuli imeharibika. Naweza kuweka nyingine ya bei nafuu?

Unaweza, lakini sikiliza. Kapsuli nyingi za bei nafuu huigiza ile ya K67 ya Neumann, ambayo kwa asili hupandisha sana sauti za juu. Kwenye U 67 na U 87, saketi ilitengenezwa izishushe. Ukiiweka kwenye saketi isiyoshusha, "s" zote zitachoma masikio, na hivyo ndivyo zilivyo maiki nyingi za bei ya chini. Kwa hiyo uliza saketi yako ilitengenezewa kapsuli gani, si kapsuli gani inaingia kwenye tundu.

Kuvuta kiwambo kipya juu ya kapsuli ya zamani hufanywa na wataalamu wachache, nje ya nchi. Kwa maiki ya thamani ni haki kuituma. Kwa maiki ya kawaida, gharama ya kutengeneza ikipita nusu ya bei ya mpya, tunakuambia ununue mpya.

Maiki yangu ni ya elektreti. Ni kweli inaisha nguvu?

Elektreti ina chaji iliyofungwa ndani ya plastiki yenyewe. Gerhard Sessler na James West waliibuni mwaka 1962 kwenye maabara za Bell. Za kisasa hupungua polepole sana, kwa miongo. Joto na unyevu huharakisha. Ikishapoteza chaji hairudishwi mezani petu, kapsuli hubadilishwa nzima. Zile zinazokubali betri zina adui wa karibu zaidi: betri iliyosahaulika ndani ikavuja. Itoe kila baada ya kazi.

Nanunua iliyotumika, imevuka mpaka wa Grande Barrière kutoka Kigali. Nikague nini?

Nakala bandia za maiki maarufu ni nyingi, na uzuri wa boksi hausemi kitu. Ichomeke bila 48V: kama inatoa sauti na haina betri wala kisanduku chake cha umeme, si kondensa. Washa 48V, usikilize kwa hedifoni katika ukimya kwa nusu saa, si dakika mbili, maana unyevu hujitokeza baadaye. Pumua karibu yake mara moja, kwa umbali wa kiganja. Ikianza kupasukapasuka, kapsuli ni chafu, na bei ishuke au uondoke. Geuza swichi zote: mkwaruzo wa swichi hutibika, ukimya wa upande mmoja wa kapsuli hautibiki hapa.

Tunarekodi nje, msituni au kando ya ziwa, usiku. Kuna maiki inayostahimili?

Zipo za Sennheiser za familia ya MKH, kama MKH 416. Kapsuli yao haitegemei chaji ya volti nyingi kwenye saketi ya gigaomu. Inafanya kazi ndani ya saketi ya masafa ya redio yenye ukinzani mdogo, kwa hiyo unyevu hauivujishi kirahisi. Ndiyo sababu watu wa filamu na wa ndege na wanyama huzipenda. Bado zinahitaji kukaushwa.

Imenyeshewa kabisa. Bado kuna tumaini?

Kama haikuwa na umeme ilipolowa, lipo. Usiiwashe kujaribu. Toa maji ya nje, fungua wavu kama unatoka, iweke kwenye kopo la silika kama tulivyoeleza juu, ila kwa siku nne au tano, ukibadilisha silika inaposhiba. Ikiwa ni maji ya tope, ilete ikiwa hivyo hivyo, tope likikauka juu ya kiwambo kazi huwa ngumu mara mbili.

Tukilazimika kuhama ghafla, kama Mei 2021, vifaa gani vitangulie?

Baada ya watu, maiki kabla ya mikseri: ni nyepesi, ni ghali kwa uzito wake, na mikseri hupatikana popote. Toa betri. Kila maiki kwenye mfuko wake uliokazwa na silika ndani, mifuko yote kwenye begi moja linalovaliwa mgongoni. Andika namba za maiki kwenye simu mapema, siku ya utulivu. Maiki iliyofungwa hivyo hukaa mwaka mzima bila kuwashwa. Utakapoifungua, iache saa kadhaa izoee hewa ya chumba kabla ya 48V.